Gerhard Domagk, daktari aliyeuokoa mkono wa bintiye kwa dawa nyekundu

Ni vigumu kuikuta nyumba ya Waswahili, iwe Unguja, Mombasa, Maskati au London, ambayo kidonge cha Septrin hakijawahi kuingia. Kina mama wajawazito wa kwetu nao wanazijua tembe za SP wanazopewa kliniki kujikinga na malaria. Dawa zote mbili ndani yake mna salfa, na safari ya salfa hiyo ilianza na rangi nyekundu iliyojaribiwa kwa panya katika mji wa Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1932.

Aliyeijaribu aliitwa Gerhard Domagk. Leo wengi hawalijui jina lake, ingawa alitunukiwa Nobel na dawa yake iliokoa roho za watu wengi kabla penisilini haijafika hospitalini. Sisi tunamkumbuka kwa jambo moja hasa: tundu dogo la sindano lililotaka kumuua mtoto wake.

Ugonjwa ule haujaondoka duniani. Mpaka leo unaingia kwa mwiba, kwa mchubuko, kwa lengelenge la kiatu kipya, na unaweza kummaliza mtu kwa siku mbili tatu ikiwa nyumbani watu wamekaa wakiambiana ngoja tuone kesho.

Mtoto wa mwalimu aenda vitani

Domagk alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1895 katika kijiji cha Lagow, eneo la Brandenburg, ambalo sehemu hiyo sasa imo ndani ya mipaka ya Poland. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana akasoma, akafaulu, akaingia Chuo Kikuu cha Kiel kusomea udaktari. Lakini hakukaa sana darasani. Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza, naye akajiandikisha jeshini kwa hiari yake. Desemba mwaka huo huo akajeruhiwa.

Alipopata nafuu walimhamishia upande wa tiba. Akahudumu katika hospitali za vita, zikiwemo za wagonjwa wa kipindupindu huko Urusi. Hapo ndipo alipoona mambo ambayo hakuyasahau maisha yake yote.

Madaktari wa wakati ule walikuwa hodari wa kukata. Askari analetwa na kipande cha chuma mguuni, kimeingia pamoja na udongo na vitambaa vya nguo yake. Anasafishwa, anafungwa bendeji. Baada ya siku moja au mbili mguu umevimba, ngozi imegeuka rangi, na ukiibonyeza unahisi kama vipovu vya hewa vinapasuka chini yake. Hiyo ndiyo gangrini ya gesi. Bakteria wake wanaishi kwenye udongo na samadi, na mashamba waliyokuwa wakipigania yalikuwa yametiwa samadi miaka na miaka. Basi mguu unakatwa, na pale ulipokatwa napo panaoza.

Dawa za kuoshea vidonda zilikuwepo, lakini zilifanya kazi kwa juu tu. Bakteria wakishazama kwenye nyama au wakiingia kwenye damu, daktari hakuwa na cha kuwafuatia. Domagk alitoka vitani akiwa na swali hilo: kwa nini pasiwepo dawa ya kumeza au ya sindano itakayowafuata vijidudu ndani ya mwili bila kumuua mgonjwa mwenyewe?

Miaka ya kushindwa kiwandani

Alirudi Kiel akamaliza udaktari mwaka 1921. Akafundisha katika vyuo vikuu vya Greifswald na Münster. Mwaka 1925 alimuoa Gertrud Strübe, wakajaaliwa watoto wanne, wavulana watatu na binti mmoja, Hildegard.

Mwaka 1927 aliingia kazini katika kampuni kubwa ya kemikali ya I.G. Farben, kwenye maabara za Bayer zilizoko Elberfeld, sehemu ya mji wa Wuppertal. Kampuni hiyo utajiri wake ulitokana na rangi za viwandani. Mtu anaweza kuuliza, rangi ya nguo na homa vinahusiana nini? Wataalamu walikuwa wameona kwamba baadhi ya rangi hushika kwenye bakteria kama zinavyoshika kwenye sufi, huku sehemu nyingine za mwili zisishike. Basi wakawaza: ikiwa rangi inamjua bakteria ni yupi, labda inaweza kutengenezwa ikamuua.

Kazi waligawana. Wakemia wawili, Fritz Mietzsch na Josef Klarer, walikuwa wakitengeneza. Domagk alikuwa akijaribu. Kila kemikali mpya ilipofika mezani kwake, aliwaambukiza panya bakteria aina ya streptokoka, kisha akawapa baadhi yao ile kemikali na wengine akawaacha hivi hivi. Miaka ikapita. Panya wakafa wote, waliopewa na wasiopewa.

Desemba 1932 ikaletwa rangi moja nyekundu iliyofungamanishwa na salfa. Panya wasiopewa wakafa kama kawaida. Waliopewa wakabaki hai, wakila na kukimbia. Siku ya tarehe 25 Desemba mwaka huo kampuni ikapeleka maombi ya hakimiliki. Dawa ikaitwa Prontosil.

Ajabu yake ni kwamba ukiitia Prontosil kwenye chupa yenye bakteria, haifanyi kitu. Inafanya kazi ndani ya mwili tu. Siri hiyo waliifichua Wafaransa wa Taasisi ya Pasteur, Paris, mwishoni mwa 1935: mwili unaivunja ile rangi na kuiacha huru salfa, na salfa ndiyo dawa. Wekundu wote ule ulikuwa mapambo. Salfa yenyewe ilikuwa imeshatengenezwa tangu 1908, na hakuna aliyejua kwamba ni tiba.

Sindano mkononi mwa Hildegard

Ili kuelewa kilichompata Domagk nyumbani kwake, tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Mwaka 1924, Calvin Coolidge mdogo, mtoto wa Rais wa Marekani, alicheza tenisi bila soksi akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Lengelenge likaingia bakteria, bakteria wakaingia kwenye damu. Alikuwa na miaka 16. Madaktari bora wa nchi nzima walikuwa karibu yake, na bado ndani ya wiki moja hivi akafariki. Hawakuwa na dawa.

Katika miaka ya mwanzo ya Prontosil, Hildegard, akiwa bado mtoto mdogo, alichomwa na sindano ya kushonea ikamwingia mkononi. Jambo la kawaida kabisa, linatokea kila nyumba. Sindano ikatolewa. Lakini mkono ukaanza kuvimba, homa ikapanda, na uvimbe ukaanza kupanda mkononi kuelekea juu. Madaktari wa upasuaji wakampasua kutoa usaha. Wakarudia tena na tena. Hali ikazidi kuwa mbaya, mpaka wakamwambia baba kwamba pengine njia iliyobaki ni kuukata mkono ili mtoto aishi.

Domagk aliyajua maneno hayo. Aliyasikia vitani, na alijua kwamba hata baada ya kukata, wengi hawakupona. Akaenda kuchukua Prontosil, dawa ambayo bado ilikuwa ngeni kwa watu, akampa mwanawe. Fikiria uzito wake: anajua panya wamepona, anajua wagonjwa wachache wamejaribiwa, na mbele yake amelala bintiye mwenyewe. Homa ikashuka. Uvimbe ukarudi nyuma. Hildegard akapona, na mkono wake ukabaki.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha dawa ya ajabu, na ni kweli. Lakini kiangalie vizuri. Mtoto alikuwa hospitalini mapema. Usaha ulikuwa umepasuliwa zaidi ya mara moja. Waliokuwa naye waliona kwamba uvimbe unapanda na hawakujipa moyo kwamba utashuka wenyewe. Dawa ilikuja juu ya kazi hiyo yote.

Dawa yaenea, na mipaka yake yaonekana

Domagk alichapisha matokeo yake Februari 1935. Mwaka uliofuata, daktari wa London Leonard Colebrook aliitumia Prontosil kwa wanawake waliopata homa ya uzazi katika Hospitali ya Queen Charlotte's, na vifo vikapungua sana. Desemba 1936 ikampata mtoto mwingine wa Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt mdogo, aliyekuwa na maambukizi mabaya ya koo. Huyu akapona. Miaka 12 tu ilikuwa imepita tangu kijana wa Coolidge kuzikwa.

Baada ya hapo salfa ikawa kila mahali, na hapo ndipo matatizo yakaanza. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliiyeyusha salfa katika kemikali yenye sumu ili iwe dawa ya maji, bila kuipima kwanza. Zaidi ya watu 100 wakafa, wakiwemo watoto. Ndipo nchi ile ikatunga sheria mwaka 1938 kwamba dawa isiuzwe mpaka ithibitishwe kuwa salama.

Somo la pili lilitoka vitani. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walipewa pakiti za unga wa salfa, wakijeruhiwa waunyunyize kwenye kidonda. Watu waliamini kwamba unga huo utazuia kila kitu. Madaktari walipofuatilia wakaona unga wenyewe hausaidii kama ilivyodhaniwa. Kilichookoa miguu ni kuondoa mapema nyama iliyokufa. Sababu yake ipo: kwenye usaha na nyama iliyooza mna vitu ambavyo bakteria wakivipata, salfa haiwadhuru tena. Isitoshe, nyama iliyokufa haina damu inayopita, na dawa ya kumeza au ya mshipa husafiri kwa damu. Pasipofika damu, dawa haifiki.

Hili ni kweli mpaka leo, hata kwa dawa zetu zenye nguvu zaidi. Streptokoka yule yule aliyewaua panya wa Domagk, penisilini bado inamuua vizuri. Dawa ipo. Lakini katika maambukizi yanayoozesha nyama, bakteria hutoa sumu, mishipa midogo huziba, na nyama hufa haraka kuliko dawa inavyoweza kuifikia. Kwa hiyo daktari wa upasuaji anahitajika siku ile ile, pengine saa ile ile, kuondoa kilichokufa, huku dawa zikipita kwenye mshipa.

Nobel iliyomtia mahabusu

Oktoba 1939 ikatangazwa kwamba Domagk ameshinda Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa mtu mwingine ingekuwa sherehe. Kwake ilikuwa balaa. Hitler alikuwa amewapiga marufuku Wajerumani wote kupokea Nobel, kwa hasira, kwa sababu tuzo ya amani ilikwenda kwa Carl von Ossietzky, mwandishi mpinzani wa serikali aliyekuwa amefungwa. Domagk akaandika barua ya shukrani. Haukupita muda, polisi wa siri wa Gestapo wakaja kumchukua. Akawekwa ndani kama wiki moja, kisha akalazimishwa kutia saini barua ya kuikataa tuzo.

Alirudi maabara akaendelea na kazi. Baada ya vita, mwaka 1947, alikwenda Stockholm akapewa cheti na nishani yake. Fedha za tuzo hakupata, muda wake ulikuwa umekwisha kwa mujibu wa kanuni. Miaka yake ya baadaye aliitumia kutafuta dawa za kifua kikuu, kisha saratani. Alifariki dunia tarehe 24 Aprili 1964, akiwa na miaka 68, Ujerumani ya kusini.

Tuchukue nini sisi

Wengi wetu huku Ghuba na Uingereza tunaishi na wazee wenye kisukari. Mwenye kisukari hupoteza hisia za miguu, kwa hiyo anaweza kukanyaga msumari asijue, na kidonda chake hupona taratibu. Yeye ndiye wa kwanza kuangaliwa. Wengine walio hatarini ni wenye ugonjwa wa figo au ini, wanaotumia dawa zinazopunguza kinga, waliofanyiwa upasuaji karibuni na kina mama waliotoka kujifungua. Lakini ugonjwa huu humpata hata kijana mzima asiye na lolote, kama alivyokuwa mtoto wa Coolidge.

Dalili ya kwanza, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, ni maumivu yasiyolingana na kidonda. Mtu ana mchubuko mdogo, hata ngozi haijabadilika sana, lakini analia kwa maumivu. Msimwambie anadeka. Ugonjwa huanzia chini, ngozi ya juu huharibika baadaye.

Ya pili ni kasi. Chukua kalamu, zungushia mstari mahali uvimbe au wekundu unapoishia, andika na saa. Ukiona umevuka mstari ndani ya saa chache, ondokeni. Kwa ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde, wekundu hauonekani vizuri, basi usiutegemee. Gusa: ni pa moto? Pamekuwa pagumu? Ngozi inang'aa, imetiwa giza, imegeuka zambarau? Hizo ndizo alama zetu.

Ya tatu ni mwili mzima: homa au baridi ya kutetemeka, moyo kwenda mbio, kutapika, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua. Mzee anaweza asipate homa kabisa, akawa amelegea tu na maneno yake hayaeleweki. Hiyo nayo ni dharura.

Na zikija hizi, msingoje hata dakika: malengelenge yenye maji meusi au ya damu, ngozi kufa ganzi pale palipokuwa panauma, vipovu kupasuka chini ya ngozi ukibonyeza, au harufu mbaya. Maumivu yakikatika ghafla huku hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya, hajapona. Huenda neva zimekufa.

Yapo mambo ya nyumbani tuyaache. Tusikande kwa maji ya moto, tusichue, tusifunge majani wala kutia kahawa au dawa ya meno kwenye kidonda. Tusimeze vidonge vilivyobaki kwenye droo, viwe Septrin au vinginevyo, maana nusu dozi inaweza kutuliza kidogo na kumfanya mtu achelewe. Dawa kali za maumivu nazo zinaweza kuficha dalili. Na aliyewahi kutoka vipele, kuvimba midomo au kubabuka ngozi kwa sababu ya SP, Fansidar au Septrin, amwambie kila daktari kwamba ana aleji ya salfa.

Mkifika hospitali, usiseme mama ana kidonda mguuni, mkakaa kwenye foleni. Sema kidonda kimeanza lini, kimeenea kiasi gani tangu saa ngapi, maumivu ni makali kuliko kidonda, na ana kisukari. Onyesha ule mstari wa kalamu. Uliza kama kuna haja ya daktari wa upasuaji kumuona sasa hivi. Wakikurudisha nyumbani na hali ikabadilika usiku, rudi usiku huo huo. Ni haki yako, na si usumbufu.

Nambari za dharura: Oman ni 9999, gari la wagonjwa Falme za Kiarabu ni 998, Uingereza ni 999, Marekani ni 911. Ziandikeni kwenye mlango wa friji, hasa nyumba ambayo mzee hushinda peke yake na mfanyakazi mchana. Na mfanyakazi naye afundishwe dalili hizi kwa lugha anayoielewa, maana mara nyingi yeye ndiye anayemuosha mzee miguu na kuona mabadiliko kabla ya sisi watoto.